Bibi, Wajukuu na Maji ya Ubatizo: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba akina mama Wakatoliki waliokwisha kuwa bibi watuandikie kuhusu mambo yanayowatatiza katika kuiishi imani yao nyumbani. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua nne, mojawapo ikiwa imeandikwa na mume na nyingine na mjukuu. Majina tumeyaacha. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu jambo lake limejirudia katika barua nyingine nyingi, kutoka Bukoba hadi Songea.

Wajukuu zangu hawajabatizwa. Je, niwabatize mwenyewe?

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa miaka 67, mwenyeji wa Rombo, mwanachama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), mama wa watoto watano na bibi wa wajukuu tisa. Katika nyumba yangu rozari husaliwa kila jioni baada ya chakula, na hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyemaliza miezi miwili bila kubatizwa. Mwanangu wa kwanza yuko Dar es Salaam. Alifunga ndoa bomani na binti aliyekulia katika kanisa la kipentekoste lisilobatiza watoto wachanga, nao wana watoto wawili, wa kiume wa miaka minane na wa kike wa miaka mitatu, ambao mpaka leo hawajabatizwa. Kila nikiuliza ninaambiwa kwamba wataamua wenyewe wakikua. Desemba hii watakuja nyumbani kama ilivyo kawaida yetu, na wazazi wao wataniachia watoto kwa wiki mbili. Nimekwisha kununua kitambaa cheupe na mshumaa. Nilimwomba katekista wa kigango chetu tuwabatize kimya kimya, akakataa, akaniambia nikamwone paroko, nami ninajua kwamba paroko atauliza wazazi wako wapi. Mume wangu ananiambia niache. Wenzangu wa jumuiya, kwa upande wao, wanasema nisimpokee tena mwanangu mpaka atakaporudi kanisani, kwa maana nikila naye meza moja ninaibariki dhambi yake. Je, niwabatize mwenyewe kwa maji ya nyumbani? Na mwanangu nimfungie mlango?

*Bibi wa wajukuu tisa, Rombo*

Jibu

Bibi, shikamoo. Nianze na lile la maji, kwa kuwa Desemba haiko mbali: usiwabatize. Katekista wako alifanya vema kukataa, na hakufanya hivyo kwa woga. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka mambo mawili kabla mtoto mchanga hajabatizwa kihalali: wazazi wake, au angalau mmoja wao, wawe wamekubali, na liwepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto huyo atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. Wajibu wa kuhakikisha mtoto anabatizwa katika wiki zake za kwanza, ambao wewe uliutimiza kwa watoto wako wote watano, umewekwa juu ya wazazi. Bibi hakutajwa hapo, na kutotajwa kwake ni nafuu kwako, kwa sababu hutaulizwa juu ya wajibu ambao hukupewa.

Ni kweli kwamba kwa dharura mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza, na wapo akina mama na wakunga wengi waliowahi kufanya hivyo. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, sheria inaruhusu abatizwe hata kama wazazi wake hawataki. Lakini hatari ya kufa maana yake ni hatari ya kufa, wala si mafua ya Desemba au hofu iliyo moyoni mwetu. Mungu apishe mbali, ikitokea siku kama hiyo, mmiminie maji kichwani ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," kisha utoe taarifa parokiani ili jina liandikwe. Nje ya hapo, ukifanya hivyo jikoni kwako, ubatizo utakuwa umefanyika kweli na hautaweza kurudiwa, lakini utakuwa umetolewa kinyume cha sheria na kinyume cha ridhaa ya wazazi.

Tazama sasa usumbufu utakaofuata. Ubatizo huandikwa katika daftari la parokia, na daftari hilo humfuata Mkatoliki maisha yake yote: kipaimara chake kinaandikwa humo, na ndoa yake pia. Ubatizo wa siri hauna mahali pa kuandikwa. Mvulana huyo akifika umri wa miaka ishirini akataka kubatizwa, hakuna atakayejua kwamba alikwisha kubatizwa Rombo na bibi yake, na pengine wewe hutakuwepo tena kulisema. Zaidi ya hayo, mtoto wa miaka minane hafichi jambo. Basi la kurudi Dar es Salaam halitafika Korogwe kabla mama yake hajapata habari zote, pamoja na za kitambaa cheupe.

Kuhusu huyo wa miaka minane kuna neno jingine ambalo bibi wengi hawajalisikia. Mtoto aliyetimiza miaka saba huhesabiwa kuwa ana matumizi ya akili, na katika ubatizo sheria humweka upande wa watu wazima. Maana yake ni kwamba anapaswa kuutaka ubatizo yeye mwenyewe, kadiri ya umri wake, na kufundishwa kabla ya kuupokea. Hata wazazi wake wangekubali leo, paroko angemwandikisha kwanza katika mafundisho. Kwa mvulana huyo, basi, swali la kweli ni kama atajifunza kumpenda Yesu na kumwomba, na hapo ndipo nafasi ya bibi inapoanza.

Naomba pia umtazame mkamwana wako kwa jicho la haki. Kwa maelezo yako mwenyewe, yeye hakatai kwa kiburi wala kwa dharau. Amelelewa katika kanisa linalofundisha kwamba ubatizo ni wa mtu anayeamini na kuungama mwenyewe, naye anaishika imani hiyo kama wewe unavyoishika yako. Hatukubaliani naye, kwa kuwa Kanisa limebatiza watoto wachanga tangu zamani sana, lakini mwanamke anayejali ubatizo kiasi cha kuukatalia familia ya mumewe ni mtu unayeweza kuzungumza naye habari za Mungu. Wapo wakamwana wasiojali lolote, na hao ndio wagumu zaidi.

Sasa nije kwa mlango. Ushauri wa wenzako wa jumuiya ni wa zamani mno, na aliyeufuata kabla yako ni mtakatifu tunayemkumbuka kila tarehe 27 Agosti. Monika alizaliwa Tagaste, mji ambao leo uko Algeria, katika karne ya nne, akaolewa na Patrisi, mpagani mwenye hasira, wakapata watoto watatu. Mwanawe Agostino, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu na mtakatifu, aliporudi nyumbani akiwa mfuasi wa dhehebu la Wamani, yaani wafuasi wa mafundisho ya Mani, Monika alikataa kuishi naye nyumba moja na kula naye meza moja. Agostino mwenyewe ndiye aliyelisimulia jambo hili. Halafu Monika akaota ndoto: amesimama juu ya kipimio cha mbao akilia, na kijana mwenye kung'aa akamwambia atazame vizuri, ataona kwamba pale alipo yeye ndipo alipo na mwanawe. Akageuka, akamwona Agostino amesimama kando yake juu ya mbao ile ile. Tangu hapo akamkubali tena mezani. Agostino, ambaye alikuwa na ulimi mwepesi, alijaribu kuigeuza ndoto ile iseme kwamba mama ndiye atakayemfuata mwana, na Monika akamjibu papo hapo kwamba hakuambiwa "alipo yeye ndipo utakapokuwa wewe", bali "ulipo wewe ndipo atakapokuwa yeye".

Angalia mpangilio wa mambo hayo, Bibi. Alimfungulia mlango kwanza, na uongofu ulichelewa kwa takribani miaka tisa zaidi. Katika miaka hiyo alimwendea askofu mmoja akamsihi ajadiliane na kijana wake, na askofu huyo, ambaye utotoni alilelewa katika dhehebu lile lile, alikataa. Alisema kijana bado hafundishiki, na kwamba mama amwache, amwombee tu. Monika aling'ang'ania na kulia mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwani haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee. Maneno hayo ya mwisho huhubiriwa kila mwaka. Yale ya kwanza, kwamba amwache, mimi sijayasikia yakihubiriwa mara nyingi, nayo yanafanana kabisa na neno la mumeo.

Jambo jingine ambalo huenda mwanao halijui ni kwamba njia ya kurudi kwenye sakramenti haimtaki mke wake awe Mkatoliki. Ikiwa mke amebatizwa katika kanisa lake, ndoa yao ni ya mseto, na askofu anaweza kutoa kibali ifungwe kanisani. Upande wa Katoliki unaahidi kuilinda imani yake na kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzake anaarifiwa juu ya ahadi hiyo. Wanaume wengi hukaa nje miaka na miaka kwa kudhani kwamba watalazimishwa "kumgeuza" mke. Mwambie mwanao jambo hili mara moja, kwa upole, mkiwa wawili, kisha umwache aende mwenyewe kumwona paroko wake wa huko Dar es Salaam. Hata habari ya ubatizo wa binti wa miaka mitatu itaanzia hapo hapo, kwa kuwa baadhi ya parokia zina taratibu zake kuhusu wazazi ambao hawajafunga ndoa kanisani.

Zimebaki zile wiki mbili. Kabla hawajasafiri, piga simu, useme wazi mbele ya wote wawili kwamba katika nyumba yako watu husali jioni na huenda misa Jumapili, na kwamba wajukuu watakuwa pamoja nanyi. Ni nadra mzazi kukataa jambo lililosemwa waziwazi namna hiyo. Rozari nzima ni ndefu kwa mtoto, kwa hiyo mpe mvulana tendo moja tu aliongoze, awe anavuta punje kwa kidole chake na kuhesabu Salamu Maria kumi huku babu akiitikia. Mwonyeshe kwamba punje kubwa ni ya Baba Yetu, na utaona atakavyojivunia kutokosea. Yule mdogo mshike mkono umfundishe ishara ya msalaba, hata kama ataanzia bega lisilo lake. Wakiwa kwako mtajenga pango la Noeli, na wao ndio waende kutafuta majani na moss ya kutandika. Usiwatishe kwa moto wa milele, wala usiwaambie kwamba mama yao amekosea.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kutoka Matendo ya Mitume tunajua kwamba baba wa Timotheo alikuwa Mgiriki, yaani nyumba ile nayo ilikuwa ya mchanganyiko, na bibi hakungoja mpaka isiwe hivyo.

Mke wangu hutoka jumuiya akaenda WAWATA, akatoka WAWATA akaenda kwaya

Mimi ni baba wa miaka 58, Mkatoliki, mkazi wa Mwanza. Mke wangu ni mcha Mungu na ninamshukuru Mungu kwa ajili hiyo, lakini mambo yamezidi. Jumamosi asubuhi ni jumuiya, mchana kikao cha WAWATA, Jumatano mazoezi ya kwaya, Jumapili misa mbili, na katikati ya wiki kuna misiba, semina na hija. Nikisema neno ninaambiwa ninapigana na Mungu. Tuna wajukuu wawili tunaowalea, na jioni nyingi mimi ndiye ninayewapikia. Rafiki yangu ananishauri nimtie adabu kama wanaume wa zamani, akisema hata Mtakatifu Monika alimtii mume mkali. Je, ni dhambi kumtaka apunguze?

*Mume, Mwanza*

Jibu

Baba, si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na anayeondoka kwenye Kanisa hilo kila jioni ili awahi jingine anahitaji kuambiwa. Mwambie mkeo habari za Fransiska wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1384 na kuishi katika ndoa na Lorenzo Ponziani kwa miaka takribani 40, na ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Machi. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba siku moja alikuwa akisali masifu ya Bikira Maria, akaitwa na mumewe. Akafunga kitabu, akaenda. Aliporudi na kuanza mstari ule ule, akaitwa tena, na hivyo mara nne kwa mstari mmoja. Mara ya mwisho aliporudi aliukuta mstari huo umeandikwa kwa dhahabu. Kutoka kwake tumepokea fundisho kwamba mwanamke mwenye ndoa, akihitajiwa, humwacha Mungu altareni ili amkute katika shughuli za nyumba yake.

Hata hivyo ninakuomba usiisome hadithi hiyo kwa sauti kubwa kabla hujajibu mawili. La kwanza: wewe huenda jumuiya? Katika jumuiya nyingi ninazozijua, akina mama ni kumi na tano na akina baba ni wawili, nao hao wawili wamekuja kwa kuwa ibada iko nyumbani kwao. Mzigo unaomtoa mkeo nje kila siku, ukiwemo wa misiba, ni mzigo wa parokia nzima uliobebwa na nusu ya waamini. La pili: kupika jioni kwa ajili ya wajukuu wako mwenyewe kumekupunguzia nini? Umeliandika kama adhabu. Mkeo alilifanya jambo hilo hilo kwa miaka yote ya watoto wenu, na sidhani kama aliliandikia gazeti.

Kaeni na kalenda mezani. Misa ya Jumapili na jumuiya vibaki, tena mwende pamoja. Kati ya kwaya, semina na uongozi achague kimoja kwa mwaka huu, na misiba mgawane. Mwanamke aliyezoea kutumikia hawezi kuacha vyote kwa siku moja, na akilazimishwa atakaa nyumbani akiwa amenuna, hali ambayo haitakufaa wewe wala wajukuu.

Kuhusu rafiki yako, huyo usimsikilize tena. Ni kweli kwamba Monika aliishi na mume mwenye hasira, akanyamaza wakati wa ghadhabu na kusema naye alipotulia, na kwamba Patrisi alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Lakini Agostino, aliyemjua baba yake vizuri, alishuhudia kwamba Patrisi hakuwahi kumpiga, na wanawake wa mji walishangaa kwa sababu wao walikuwa na alama za vipigo usoni. Anayetumia jina la Monika kutetea kipigo hajamsoma. Siku hizi sheria yenyewe ya Kanisa, kanuni ya 1153, inampa ruhusa ya kutengana mwenzi anayetiwa katika hatari kubwa ya mwili au ya roho, na mama yeyote anayeisoma safu hii akiwa na majeraha asingoje novena iishe ndipo atafute msaada.

Nina kisukari, na Kwaresima imekaribia

Nina miaka 63. Tangu utoto sijawahi kula kabla ya jioni siku za mfungo, na marehemu mama yangu alifunga hivyo mpaka mwisho. Sasa nina kisukari na ninatumia dawa. Binti yangu ananikataza kufunga, nami ninajiona kama ninamsaliti Kristo. Nifanye nini?

*Mama wa Iringa*

Jibu

Mama, kula. Sheria ya mfungo huwabana waamini kuanzia miaka 18 mpaka wanapotimiza miaka 59, na katika sheria ya Kanisa zima siku zenyewe ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wewe ulikwisha kuivuka miaka hiyo. Kuacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima hakuna ukomo wa uzee, kwa hiyo hilo unaweza kuendelea nalo bila shida, isipokuwa kama daktari amekupangia chakula kwa namna nyingine, kwani ugonjwa hukuondolea hata hilo. Usichelewe kula baada ya dawa kwa sababu ya ibada.

Monika aliwahi kufika katika njia panda kama hii. Alipohamia Milano alikuta watu hawafungi Jumamosi, wakati mji wake ulifunga, akahangaika asijue afuate lipi. Agostino akaenda kumuuliza Askofu Ambrosi kwa niaba yake, na Ambrosi akajibu kwamba yeye akiwa Roma hufunga Jumamosi, akiwa Milano hafungi. Mama akatulia. Tena huko huko Milano alizoea kupeleka uji, mkate na divai makaburini kwa mashahidi, kama walivyofanya watu wa Afrika, mpaka mlinzi wa mlango akamzuia akisema askofu amekataza. Akakirudisha kikapu chake nyumbani bila manung'uniko, ingawa mwanawe alishangaa kumwona akiiacha kwa wepesi desturi aliyoipenda hivyo. Ikiwa unataka sadaka ya kutoa Kwaresima hii, anza na desturi ya mama yako.

Bibi yangu amefariki. Je, kuna mtakatifu aliyekuwa bibi?

Nimelelewa na bibi yangu Dodoma tangu nikiwa na miaka miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha sala ya Malaika wa Bwana kwa kengele ya saa sita, akanipeleka Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, na kunisimamia mpaka komunyo ya kwanza na kipaimara. Alifariki mwezi Juni. Kwenye mazishi nilipolia kwa sauti, shangazi aliniambia kwamba Mkristo halii hivyo, kwa kuwa bibi yuko mbinguni. Watakatifu ninaowasikia karibu wote ni mapadre, masista na mabikira. Je, yupo mtakatifu aliyekuwa bibi kama wangu? Na nimfanyie nini bibi sasa? Kipato changu ni kidogo.

*Mjukuu, Dodoma*

Jibu

Binti yangu, pole sana. Wapo. Anna, mama wa Bikira Maria, ndiye bibi wa Yesu. Biblia haimtaji, jina lake na la Yoakimu yametufikia kupitia mapokeo ya kale, na Kanisa huwakumbuka wote wawili tarehe 26 Julai. Kwa ajili yao Papa Fransisko, ambaye alirudia mara nyingi kwamba habari njema ya kwanza aliipokea kutoka kwa bibi yake Rosa, alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai. Karibu zaidi na nyakati zetu yupo Concepción Cabrera de Armida wa Mexico, mke, mama wa watoto tisa na bibi, aliyefiwa na mumewe mwaka 1901 na kufariki mwaka 1937. Alitangazwa mwenye heri tarehe 4 Mei 2019. Aliandika maelfu ya kurasa za sala huku akilea, na picha zake si za mtu aliyekaa katika mwanga wa dirisha akiangalia juu, bali za mama wa familia.

Lakini ninataka kumrudia Monika, kwa kuwa wengi husahau kwamba naye alikuwa bibi. Agostino alikuwa na mtoto wa kiume, Adeodato, aliyezaliwa nje ya ndoa na mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote. Hapa sitamtetea Monika kwa kila jambo: alijitahidi kumtafutia mwanawe mchumba wa hadhi, na katika mipango hiyo mama wa mtoto alirudishwa Afrika peke yake, akamwacha kijana wake Italia. Ni jambo chungu, na utakatifu wa Monika haulifanyi liwe tamu. Kijana alibaki na baba na bibi. Usiku wa Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Agostino na Adeodato pamoja, na bibi, ambaye alikuwa ameomba kwa ajili ya mmoja, akaona wawili.

Mwaka ule ule, wakiwa Ostia wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monika akashikwa na homa, akafariki akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Mara tu alipokata roho, Adeodato, aliyekuwa na miaka kama 15, akapaza sauti akalia, na wote waliokuwepo wakamnyamazisha, kwa kuona kwamba haifai kumlilia hivyo aliyekufa katika imani. Baba yake naye akajikaza, akaenda kuoga akitumaini kwamba huzuni itaondoka, haikuondoka. Baadaye akiwa peke yake kitandani aliyaachia machozi yatiririke, na miaka mingi baada ya hapo, akiwa askofu, aliandika kwamba anayeona kosa katika machozi hayo asimcheke. Mwonyeshe shangazi yako habari hiyo, bila kumtia aibu.

Kuhusu la kufanya, Monika alilijibu mwenyewe. Alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe huko Tagaste, lakini alipoona hatafika, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote pale bila kuhangaika, na akaomba jambo moja tu, wamkumbuke altareni kwa Bwana popote watakapokuwa. Bibi aliyekufundisha Malaika wa Bwana angekuomba hilo hilo. Msalie, na usali kwa ajili yake hata kama moyo wako unakuambia kwamba hahitaji, kwa kuwa sala ikitolewa haipotei. Nenda ofisi ya parokia uandikishe nia ya misa ya marehemu, ukichagua siku yake ya kufariki au siku yoyote ya Novemba, mwezi wa marehemu wote. Sadaka ya misa si bei ya misa. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadre waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipopokea sadaka yoyote. Kwa hiyo kama mfukoni huna kitu, mweleze padre hivyo hivyo, kisha umpe jina la bibi.